Nyumba Aliyoichagua Babu Etwa

Kila asubuhi Fulmani aliamshwa na treni ya makaa ya mawe. Jogoo walikuwa naye, tena mwenye sauti ya kutosha, lakini mtu anayekaa hatua hamsini kutoka kwenye reli hana haja na jogoo. Treni ikipita, vioo vya dirisha vilitetemeka, masufuria yaligongana rafuni, na vumbi jeusi lilitua kwenye maji ya kunywa kama mtu amesahau kufunika mtungi. Fulmani aliamka, akanawa uso, akala wali wa jana uliolowekwa maji, kwa kitunguu na pilipili mbichi, kisha akatoka uani kumtafuta babu yake.

Babu Etwa alikuwa ameketi kwenye kigoda, miguu mitupu imekanyaga udongo, mkono mmoja umeshika tumbo la mtungi.

"Ya makaa hiyo," alisema kabla hajaulizwa. "Mabehewa hamsini na tisa, yote yamejaa. Inakwenda kwenye mitambo ya umeme."

"Umejuaje kama yamejaa, Babu?"

"Nitazame ukisema nami, mtoto. Adabu umeiacha wapi?"

Fulmani akamzungukia, akarudia swali mbele ya uso wake. Babu akacheka. Alisema mtu aliyetembea na reli miaka thelathini na minne haulizwi maswali ya kitoto kama hayo.

Ni kweli alitembea. Alikuwa mkagua reli. Kila siku ya Mungu alibeba nyundo begani, akaenda kilomita sita na kurudi sita, akigonga vyuma vinavyoishikilia reli kwenye mataruma yaliyolala chini yake. Chuma kizima kinalia, kilicholegea kinakohoa. Ndivyo alivyowafundisha vijana wa kazi. Alipostaafu, ilibidi familia iondoke kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, kama wanavyoondoka wote, na itafute pa kukaa.

Mama yake Fulmani, Karmi, alikuwa ameona nyumba nzuri karibu na soko la Barkatola. Ilikuwa na bomba la maji, na shule ilikuwa mtaa wa pili. Babu alipelekwa kuitazama. Alisimama katikati ya chumba, akasikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Humu hamna treni."

"Ndio uzuri wake, Baba," alisema Karmi.

"Nitakufa kwa kimya humu."

Akachagua hii, ng'ambo ya reli, nyuma ya maghala ya mizigo, ambako hapakuwa na jirani hata mmoja. Fedha zilikuwa za kiinua mgongo chake na yeye ndiye mkubwa, basi maneno yakaishia hapo.

Kule kwenye nyumba za wafanyakazi, Fulmani alikuwa na watoto wa kucheza nao mpaka wengine anawakimbia. Huku alikuwa na jogoo, mbuzi, na abiria wa treni waliompungia mkono dirishani na kutoweka kabla yeye hajainua wake. Baba yake alikuwa mbali, kusini kabisa mwa India, akijenga majumba ya watu, na alirudi mara moja tu kwa mwaka. Mama yake alikuwa mlinzi wa geti la reli, pale barabara inapokatiza njia ya treni. Zamu moja ilidumu saa kumi na mbili. Akirudi nyumbani alikuwa amechoka hata kijiko kilikuwa kizito mkononi. Fulmani alikuwa na miaka kumi na miwili, na upweke alikuwa anaujua vizuri kuliko hesabu za sehemu.

Aliyebaki ni Babu. Fulmani akitoka shule na kazi zikiisha, walicheza mchezo wao wa kutaja treni. Babu alifumba macho, treni ikija akaitaja: ya abiria au ya mizigo, ya makaa au ya saruji, imejaa au tupu. Hakukosea. Fulmani alijiona ana babu ambaye mtoto mwingine hana.

Disemba ile baridi iliingia mapema. Fulmani alimwonea huruma Babu kwa ile miguu mitupu juu ya udongo wa baridi. Akachukua magunia mawili, akayajaza majani makavu ya mpunga, akayasukuma chini ya nyayo zake. Mikono yake akaifunika kwa shali.

"Sasa tucheze," alimwambia, akimtazama usoni.

Babu akafumba macho, akatabasamu. Haikupita dakika treni ya makaa ikaja. Ilikuwa ndefu na nzito, ikipiga honi kwa nguvu zote. Fulmani alisubiri. Behewa la kwanza likapita, la kumi, la thelathini. Jogoo alikimbilia nyuma ya nyumba. La mwisho likapita na moshi wa vumbi ukatulia, na Babu bado alikuwa amefumba macho, anatabasamu, anasubiri treni ije.

Alipofumbua macho aliukuta uso wa mjukuu wake, akaelewa. Polepole akaitoa miguu kwenye magunia, akairudisha kwenye udongo.

"Tangu lini, Babu?" aliuliza Fulmani kwa midomo tu, bila sauti. Babu akamjibu kama kawaida, na hilo likamuumiza zaidi.

"Siku nyingi. Nyundo ilianza kula sikio la kulia, la kushoto likafuata." Akamshika mkono. "Usimwambie mama yako. Akijua, atamwambia baba yako mkubwa Somra. Somra atakuja kunichukua, anipeleke Ranchi kwenye ghorofa yake ya nne, niangalie kuta mpaka nife. Na wewe utabaki na nani huku?"

Fulmani alitazama uani. Aliona mbuzi na jogoo, akakiwaza kigoda bila Babu. Swali lile lilimchoma mahali hasa alipokuwa na kidonda.

"Naapa sitasema," alisema.

Tangu siku hiyo akawa masikio ya Babu. Njia ya mkato ya kwenda mjini ilikatiza reli mbele ya nyumba yao, na kila asubuhi Babu alimvusha Fulmani akienda shule. Au tuseme, Fulmani alimvusha Babu. Walishikana mikono. Akimbana mkono mara moja, maana yake subiri. Akimbana mara mbili, njia nyeupe. Kurudi, Babu alitegemea macho na nyayo zake. Mama alipokuwapo nyumbani, Fulmani alikaa karibu na kumgusa Babu goti kila alipoitwa. Karmi aliona mtoto anavyomganda babu yake akafurahi, akasema mtoto ana upendo.

Lakini siri ni mgeni asiyeaga, na chakula chake ni kingi. Darasani Fulmani alikuwa na rafiki mmoja tu, Sabita, binti wa mshona viatu. Siku moja Sabita akamuuliza, "Jumapili nije kwenu tuone treni?"

Fulmani alifikiri. Sabita mwenye maneno mengi angemwita Babu mara tatu, angejua.

"Usije. Mbuzi wetu ana upele."

"Mimi nitakuja kumwona mbuzi?"

"Upele wenyewe unaambukiza."

Sabita akamtazama kwa muda. Wiki iliyofuata akahamia dawati la Champa, na Fulmani akabaki na benchi zima peke yake, mfuko wa vitabu ukikaa pale alipokuwa akikaa Sabita. Alitamani kumwambia mtu kwa nini, lakini mtu wa kuambiwa ndiye aliyemwapisha.

Januari ukashuka ukungu. Ulikaa juu ya mashamba siku nzima, mzito, hata nguzo za umeme zilionekana nusu. Siku za ukungu treni hutembea kwa tahadhari na huchelewa saa mbili, tatu, hata tano. Mtoto yeyote wa Barkatola anajua hilo. Babu Etwa alilijua kuliko wote. Yeye mwenyewe, siku za kazi, alikuwa akitembea kwenye ukungu kama huo kutega fataki juu ya reli ili dereva asikie mlipuko na ajue ishara iko mbele.

Ila mtu akidanganya kila siku kwa saa ileile, mwishowe saa yenyewe inamdanganya. Babu alikuwa amezoea kutazama saa ya ukutani na kusema, "Ya abiria imepita hiyo," ili asigundulike. Alilisema hilo mara nyingi mpaka likawa kwake ndiyo kusikia kwenyewe.

Jumapili moja Mama alikuwa getini tangu alfajiri. Fulmani na Babu walimwandalia chapati za unga wa mchele na mboga. Mkebe ulikuwa wa moto, Fulmani akaubeba kwa mikono miwili na kitambaa, kwa hiyo hapakuwa na mkono wa kumshika Babu. Babu naye alikuwa amevaa viatu virefu vya mpira alivyoletewa na Somra, soli yake nene kama kidole gumba. Alitangulia. Kwenye kilima cha kokoto alisimama, akatoa saa mfukoni.

"Saa mbili na robo. Ya abiria imeshapita. Twende."

Haikuwa imepita. Fulmani alijua, kwa kuwa asubuhi nzima aliitegea sikio. Alifungua mdomo kusema, na papo hapo akaisikia honi ndani ya ukungu, si mbali. Babu alikuwa ameshamgeuzia mgongo. Mguu wake mmoja ulikuwa kwenye taruma la kwanza.

"Babu!"

Aliita huku akijua kwamba kuita ni bure. Taa ya treni ikatokea kwenye ukungu, ya manjano, kubwa. Fulmani akautupa mkebe, akapanda kokoto kwa magoti na viganja, akadaka shali ya Babu kwa nyuma na kuivuta kwa uzito wake wote. Mzee akaanguka chali juu yake. Wakabingirika mpaka mtaroni. Treni ikapita kando yao kwa kelele na upepo, behewa baada ya behewa, na Fulmani alimshikilia Babu shingoni akilia, na hata kilio chake mwenyewe hakukisikia.

Ilipokwisha, Babu alikaa muda mrefu kwenye nyasi zenye umande. Goti lake lilichubuka na damu ilikuwa inachuruzika. Chapati zilikuwa zimesambaa kwenye kokoto.

"Tutasema niliteleza," alisema. "Umenisikia? Niliteleza."

Karmi aliwaona wakija getini, akatoka kibandani mbio. Akamkalisha Babu kwenye benchi, akaleta maji na kitambaa.

"Kokoto," alisema Babu, akilitazama goti lake. "Zina umande. Niliteleza."

"Na wewe ulikuwa wapi babu yako akiteleza?" Karmi alimgeukia Fulmani.

Fulmani alisimama nyuma ya benchi. Aliwaza ghorofa ya nne. Aliwaza kigoda kitupu na jioni zote zitakazofuata. Akisema, atabaki peke yake. Kisha akaiona tena ile taa ya manjano, na akajua kwamba akinyamaza atabaki peke yake vilevile, tena kwa namna isiyorekebishika.

"Hakuteleza, Mama. Treni ilikuwa inakuja na yeye hakuisikia. Babu hasikii. Hasikii hata kidogo."

Karmi alikunja uso. Babu alikuwa bado ameinamia goti.

"Baba," alimwita kutoka nyuma. Babu alifuta damu. "Baba, shali yako imeshika moto." Babu akakunja kitambaa, akaanza kufuta upande wa pili.

Karmi akaketi mwishoni mwa benchi. Simu ya geti ikalia, treni nyingine ilikuwa njiani. Akainuka akaenda kuteremsha vizuizi, maana kazi haisubiri machozi. Aliizungusha mashine ya vizuizi machozi yakimtiririka, na mwenye baiskeli aliyesimama upande wa pili akadhani ni baridi.

Siku nne Babu hakusema na Fulmani. Alikula amempa kisogo. Fulmani alizoea upweke wa kukosa watu. Huu wa kukaa na mtu asiyekutazama ulikuwa mgeni kwake, na aliuona mbaya zaidi. Somra alipiga simu kutoka Ranchi. "Namfuata mwisho wa wiki," alisema.

"Kwanza hospitali," Karmi alijibu. "Mambo ya ghorofa baadaye."

Daktari wa masikio alimpima Babu kwa nusu saa, akamwandikia maneno yake kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Chuma kilichogongwa miaka yote hiyo kilikuwa kimeua neva za masikio, na zilizokufa hazifufuki. Angekuja mapema, nyingine zingeokolewa. Kilichobaki kingesaidiwa na kifaa kidogo cha kuvaa sikioni.

"Mficha maradhi, Baba," Karmi alimwambia walipokuwa wakirudi, akimtazama usoni.

"Nalijua hilo lililobaki," alisema Babu. "Usilimalize."

Siku ya kwanza ya kifaa ilikuwa vurugu. Jogoo aliwika, Babu akaruka kwenye kigoda. Kifuniko cha sufuria kilianguka, akashika kichwa. Treni ya makaa ilipopita, alikitoa kile kifaa haraka na kukifungia mkononi.

"Hivi mnaishi na makelele haya kila siku?" aliuliza. "Mmevumilia vipi? Hapa si mahali pa binadamu."

Karmi akacheka mpaka akajifuta macho na ncha ya sari. Fulmani hakucheka. Alitoka, akaenda nyuma ya nyumba kumpa mbuzi majani. Jua lilikuwa halijazama, na ukungu ulikuwa umeondoka.

"Leo Sabita amecheka na Champa," alimwambia mbuzi, kama alivyofanya kila jioni. "Sijui walikuwa wanacheka nini. Nilidhani wananicheka mimi, kumbe hata hawakuniona. Na Babu hataki kunitazama. Baba mkubwa akija kumchukua, nitabaki na wewe tu, na wewe hujibu. Kula basi."

Alipogeuka alimwona Babu amesimama kwenye kona ya ukuta. Hakuwa ametazama midomo yake. Alikuwa amesikia.

"Kila siku unaongea na mbuzi?" aliuliza.

Fulmani akainama. "Kila siku."

"Tangu tuhamie?"

"Ndiyo, Babu."

Mzee akaketi chini kwenye nyasi, pale pale.

"Nitakwambia jambo ambalo hata mama yako halijui. Ile siku niliyosimama kwenye nyumba ya sokoni nikasema humu hamna treni, nilikuwa nimeshakuwa kiziwi. Sikusikia treni, sikusikia soko, sikusikia kitu. Lakini huku, nikikanyaga udongo, treni ilipanda miguuni. Nikasema nikikaa hapa, hakuna atakayejua. Aibu yangu nikaifanya siri, siri nikaifanya nyumba, na wewe nikakutia humo ndani. Nilidhani nakupa babu anayezijua treni zote. Kumbe nilikupa mbuzi."

Fulmani alilia, safari hii kwa sauti, na Babu akamsikia. Akamvuta, akamkumbatia mpaka akanyamaza.

Somra alipopiga simu jioni hiyo, Babu aliichukua mwenyewe. "Ndiyo, ni kweli, mimi ni kiziwi nusu. Nilificha, na nusura nimuue mtoto na mimi mwenyewe. Lakini huko juu siji, Somra. Mimi si njiwa. Nitatafuta nyumba nyingine hapahapa, na safari hii atachagua mwenye masikio mazima."

Karmi na Fulmani walitembelea nyumba tatu kwa mguu. Moja ilikuwa ndani kabisa ya mji. Fulmani alisimama katikati ya chumba akasikiliza, akaona masikio yake yana njaa. Alishangaa kugundua kwamba treni nazo angezikosa. Ya pili ilikuwa chafu. Ya tatu ilikuwa jirani na geti la Mama, upande uleule wa shule, katika safu ya nyumba sita zenye uwanja mmoja. Njiani hapakuwa na reli ya kuvuka. Watoto walikuwa wanaruka kamba uwanjani, na mmoja akamuuliza jina lake kabla hajafika mlangoni. Treni ilipopita ilisikika vizuri, ila masufuria yalitulia rafuni.

"Hii," alisema Fulmani.

Walihamia mwishoni mwa Februari. Jumatatu iliyofuata, Fulmani alimwendea Sabita kwenye dawati la Champa akamwambia ukweli wote, pamoja na wa mbuzi. Sabita alinuna mpaka mapumziko. "Upele unaoambukiza," alisema hatimaye, na wote watatu wakaangua kicheko. Jumapili alikuja.

Babu alikaa na watoto uwanjani akiwafundisha kutaja treni, safari hii kwa kifaa, na sasa alikuwa anakosea. Watoto walipoondoka, alimwita mjukuu wake na kumketisha karibu naye.

"Fulmani, nilikuapisha, na kiapo ukakivunja. Nilikasirika siku nne kwa hilo. Sasa nisikilize vizuri. Siri ya zawadi, ifiche. Siri ya mchezo, ifiche. Lakini mkubwa yeyote akikwambia ufiche jambo linaloweza kumuumiza mtu, usimtii. Nenda kaseme, hata ukiogopa kubaki peke yako. Hata akiwa ni mtu unayempenda."

"Hata ukiwa wewe?"

"Mimi kwanza," alisema Babu.